Siku Mkwe Wangu Alipochutama Jukwaani

Mimi napenda shoo. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilisukumwa. Nina umri wa kuitwa bibi, hijabu yangu naifunga vizuri, nalima korosho na ufuta Naipingo na kushona nguo Nachingwea mjini, lakini spika kubwa zikianza kunguruma mahali, miguu yangu haina adabu. Mume wangu alishazoea. Nilipomwambia kwamba msanii mkubwa wa bongofleva anakuja kuimba Ruangwa, hakuuliza mengi.

"Nenda," alisema. "Ila ukiteguka kiuno usinililie mimi."

Tulipanga kwenda watatu, kama kawaida yetu. Kuna Jirani, Mmakonde mnene anayekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake, mwenye sauti ambayo akiita kuku wake, kuku wa mtaa wa pili nao wanakuja. Na kuna Mwalimu, Mmakua mwembamba wa shule ya msingi, mpole kwa kumtazama, ila ukimkalia vibaya anakunyoosha kwa Kiswahili sanifu mpaka unatafuta pa kujificha. Tulikaa dawati moja tukiwa wadogo. Tangu hapo hakuna harusi tuliyoiacha, na kuna harusi nyingine hata hatukualikwa.

Kilichonitia mashaka safari hii ni mkwe wangu.

Niseme kwanza mambo yetu yalivyo. Kwetu Wamwera, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Sisemi hawapendani, nasema hawatazamani. Vijana wengi wa sasa wameshayaacha hayo. Wapo wanaokula sahani moja na mama mkwe na kupiga naye picha za simu, wamekumbatiana. Mimi nililelewa na mama ambaye akikutana njiani na mume wa dada yangu, aliingia porini na ndoo yake kichwani, akasimama huko kwenye upupu mpaka kijana apite. Kwa hiyo binti yangu alipoolewa na kijana wa Mandawa, na kijana akaja kukaa kwetu na kujenga chumba chake upande wa pili wa ua, sheria ilianza kazi siku ileile. Akitaka kupita, anakohoa. Nikisikia kikohozi, navuta kanga usoni na kugeukia ukutani. Nikipita mimi, yeye anachutama, anageuza mgongo, anasubiri hatua zangu ziishie. Chakula napika mimi, anapelekewa na mkewe. Msimu mzima wa ufuta kijana alikula ugali wangu na kupalilia shamba langu, na sikuwa najua hata pua yake ikoje.

Nilichokijua ni sauti yake, kwa maana alikuwa anaimba. Aliimba akifyatua matofali, aliimba akioga, aliimba akirekebisha baiskeli ambayo kwa maoni yangu ilishapita kiwango cha kurekebishwa. Mara nyingine niliacha kupepeta mchele jikoni nikasikiliza. Ilikuwa sauti nzuri, na nilikuwa naumia kidogo kwamba sikuwa na njia ya kumwambia.

Wiki ya shoo, binti yangu alinijia jikoni na kukaa kwenye kinu. Nikajua kuna jambo, kwani huwa hakai.

"Mama, mume wangu amechaguliwa. Anaimba wimbo mmoja kabla ya yule msanii mkubwa."

Nilipiga kigelegele hapohapo. Akaniziba mdomo.

"Sikiliza kwanza. Ameapa. Wakimzomea anaacha muziki. Nyimbo zote zilizo kwenye simu anafuta, hataki tena kusikia habari za kuimba. Nimembembeleza, hasikii. Anasema mwanamume hawezi kulishwa ukweni huku anafukuzia kitu ambacho watu wanakicheka."

Jambo hilo lilinikaa vibaya. Ua wangu bila ile sauti ningeufanyia nini?

"Sasa mama, nakuomba usije mapema. Yeye anapanda wa kwanza, saa kumi. Akikuona pale mbele, hataweza kutikisa hata kidole. Njooni saa kumi na mbili, yeye keshashuka, msanii mkubwa ndiyo anapanda. Tafadhali."

Nilikubali. Alitaka kuongeza neno jingine, nikaliona linakuja hadi mdomoni, akalimeza na kuondoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikodi Noah na dereva wake, na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, nilihakikisha tunachelewa. Jirani alikuwa tayari tangu mchana, kajipaka wanja, kavaa dera la kijani linalometameta, anapiga honi ya gari la watu. Mimi nikakumbuka kwamba sijalisha kuku. Nikakumbuka kufuli. Njiani Mwalimu akataka tusimame tuswali alasiri, nikamwambia aswali taratibu, Mungu hana haraka. Tulipokaribia Ruangwa nikasema nina njaa, tukakaa kwa muuza mihogo ya kukaanga, nikatafuna muhogo kama mtu asiye na meno.

"Huyu anatuchelewesha makusudi," Jirani alimlalamikia Mwalimu. "Wamwera bwana! Mkichelewa kwenye msiba tutawasamehe, lakini hii ni shoo!"

Tulifika uwanjani saa kumi na mbili kasoro kidogo. Nilikuwa nimetulia moyo, najisifu kwa kutunza ahadi. Tukaingia getini, na kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa sauti ya mtu mmoja kwenye spika ikisema, "Moja, mbili. Moja, mbili. Cheki, cheki."

Walikuwa bado wanafunga nyaya.

Miaka yote hii naenda kwenye shoo, na sijawahi kuona hata moja iliyoanza kwa saa yake, lakini siku hiyo akili hiyo haikunijia. Niliwaamini watu wa muziki kama unavyoamini adhana. Nilimshika Jirani mkono nimwambie turudi garini, kumbe Jirani naye ananivuta mimi. Yule mama akitaka kufika mbele anatanguliza kifua na kusema "samahani wanangu, samahani," na watu wanapisha kwa kukosa la kufanya. Nilipopata kupumua nilikuwa nimegusana na uzio wa mbele kabisa, jukwaa liko juu ya pua yangu, na nyuma yetu watu wameshabanana kama mahindi gunzini. Hapakuwa na njia ya kurudi.

"Mkwe wangu bado hajaimba," nilimwambia Mwalimu sikioni.

Mwalimu alitazama jukwaa, akanitazama mimi. "Jifunike," alisema.

Nikachukua kanga niliyoweka begani, ya rangi ya chungwa yenye maua meusi, nikajifunika juu ya hijabu mpaka kifuani. Nikawa nasikia tu. Mshereheshaji alipanda, kijana wa Dar, unamjua kwa maneno yake: "Oyaaa! Wana Ruangwa mpo? Nachingwea mpo? Sasa tunaanza na mtoto wa nyumbani, kutoka Mandawa, mpeni makofi mnyama wenu!"

"Amepanda," Jirani alinitangazia kama mtu wa mpira redioni. "Kavaa suruali nyeupe. Kavaa na miwani ya jua. Jua lenyewe linazama, lakini kapendeza. Mkweo ana mabega, usidharau."

"Nyamaza, sitakiwi kujua mabega."

Tukasubiri muziki uanze. Haukuanza. DJ alikuwa na flashi yenye biti ya wimbo, na flashi ikawa haisomi. Akaichomoa, akaichomeka. Akaipuliza. Nasikia mkwe wangu akisema kwenye maiki, "Subirini kidogo ndugu zangu," sauti ikitetemeka, na nyuma yangu mtu akapiga mluzi. Mluzi ukazaa mluzi. Kundi la vijana upande wa goli likaanza, "Shuka! Shuka! Lete msanii!"

Nikachungulia kwa pembe ya kanga nikamwona binti yangu pembeni mwa jukwaa, mikono kichwani. Alikuwa anakumbuka kile kiapo, na mimi nilikuwa nakikumbuka.

"Imba mwanangu!" Jirani alifoka kwa ile sauti yake ya kuitia kuku. "Imba hivyohivyo! Tupo!"

Nia yake ilikuwa njema. Lakini sauti ile kijana anaisikia kila asubuhi upande wa pili wa ukuta. Akaangalia ilikotoka. Akamwona Jirani. Akamwona Mwalimu. Na katikati yao akaona kitu kimejifunika kanga gubigubi, mbele ya jukwaa, kwenye shoo. Hakuhitaji kuambiwa.

Akakohoa.

Alikohoa kikohozi kile cha uani, kile cha nyumbani, ila safari hii kilipita kwenye maiki na kutoka kwenye spika kubwa za uwanja. Na mimi, bila hata kufikiri, nikageuka nikalipa jukwaa mgongo. Nikajikuta pua kwa pua na kijana mmoja aliyekuwa anakula miwa, ambaye alishtuka na kuniambia shikamoo. Nyuma yangu nikasikia uwanja unaguna.

"Kachutama," Jirani alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Kachutama na katugeuzia mgongo."

Mshereheshaji hakuelewa kitu. "Oya mwanangu, vipi tena? Tumbo? Jamani, msanii kaumwa tumbo! Nani ana maji huko?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya, cha kumaliza mtu. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuja na wenzake wa Likunja alipopaza sauti: "Tumbo gani wewe! Mkwewe yupo hapa mbele!"

Kicheko kilibadilika. Sijui niseme vipi. Kilikuwa cha watu wanaocheka kitu chao. Uwanja wote ulijua, isipokuwa mshereheshaji na pengine yule msanii mkubwa huko nyuma alikokuwa anavalishwa. Wanawake wakaanza kuniita, "Mama, pita basi kijana asimame! Mpisheni mama apite!" Wakajaribu kweli kunipisha, wakasukumana, lakini watu walikuwa wengi na hakuna aliyeweza kusogea. Mimi siwezi kupita, yeye hawezi kusimama mpaka nipite. Na upande wa goli wale vijana wakarudia tena, "Shuka! Shuka!"

Mwalimu akaniinamia. "Ukikaa hivi, kijana anakwisha leo."

"Nifanye nini sasa?"

"Unajua la kufanya. Mfungulie."

Nililijua, ndiyo. Heshima hii ina mlango wake. Mama mkwe akimpa mkwewe kitu kwa hiari yake, mbele ya watu, amemfungulia. Kuanzia hapo wanasalimiana na kuzungumza kama mama na mwana. Nilikuwa nimepanga kufanya hivyo siku ya mjukuu wa kwanza, kwa kuku wawili na pilau, wazee wamekaa mkekani, mimi nimevaa vitenge vipya. Nilikuwa nimeshaiona ile siku kichwani. Na sasa ninaambiwa niitumie katikati ya wala miwa, nimesimama juu ya mguu wa mtu.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamkasirikia DJ, flashi yake, Jirani na mdomo wake. Kisha nikamfikiria yule kijana amechutama kule juu na suruali yake nyeupe, watu wanamwambia shuka, na yeye hasogei kwa sababu yangu. Angeweza kunipuuza. Hakuna ambaye angejua. Angeimba wimbo wake akashuka, na mimi ningebaki chini ya kanga yangu. Kijana alikuwa anaitupa bahati yake ili asinivunjie heshima, heshima ambayo nusu ya watu wa rika lake hawana tena habari nayo.

Nikavua kanga.

"Pelekeni kwake," nikasema, nikaipa mikono iliyokuwa karibu. "Mwambieni imetoka kwangu."

Kanga ikapita juu ya vichwa vya watu, mkono hadi mkono, mpaka ukingoni mwa jukwaa. Mlinzi akaichukua, akaikagua kama vile nimeficha bomu, akampelekea. Mkwe wangu aliipokea kwa mikono miwili, bado amechutama. Akaitazama. Akaiweka mabegani, akasimama, akavua ile miwani, akageuka.

Ana pua ya mviringo, kama kitumbua. Meno yake ya mbele yana mwanya. Ni mtoto tu! Kwa sauti ile nilidhani nina mkwe wa makamo.

"Shikamoo, mama," alisema kwenye maiki.

"Marahabaaa!" uwanja mzima uliitikia, kabla sijafungua mdomo. Mimi yangu niliisema baadaye, peke yangu, na hakuna aliyeisikia.

Jirani hakungoja DJ. Alianza kupiga makofi, yale ya ngomani kwetu, mawili mazito na matatu ya haraka. Wanawake wa mbele wakapokea, kisha wa nyuma yao, mpaka na wale vijana wa golini wakaona haya wakajiunga. Mkwe wangu akatikisa kichwa akitafuta mahali pa kuingilia, akaingia. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, wa kwake mwenyewe, unasema alipanda ufuta Mandawa lakini kilichoota ni jina la msichana wa Naipingo. Nilimwona binti yangu pembeni ameshusha mikono, anacheka na kulia kwa pamoja. Na mimi nilicheza. Nilicheza mbele ya mkwe wangu, uso wazi, na mama yangu kaburini anisamehe.

Kisha akaingia ubeti wa pili, na nikaelewa neno ambalo binti yangu alilimeza jikoni.

"Kuna mama sijamwona uso," aliimba, "naijua mikono yake kwa ugali, mtamu, hauna mfano; mama, kama nyimbo zina miguu, huu uje ukusalimie."

Miguu yangu ikasimama yenyewe. Huku mimi nikisikiliza nyimbo zake kutoka jikoni, yeye alikuwa ananitungia salamu. Hakuwa na njia nyingine ya kuzungumza nami, akaamua kwenda kuimba Ruangwa mbele ya watu, mahali nisipokuwapo. Nililia bila kujificha, kanga yenyewe sina. Mwalimu akanipa kona ya mtandio wake. Jirani alikuwa analia kuliko mimi na bado anapiga makofi, hakukosa hata moja.

Hakuzomewa tena. Walimrudisha mara ya pili. DJ akainua mkono kusema flashi imesoma, watu wakamwambia aiweke mfukoni.

Baadaye msanii mkubwa alipanda na koti lake linalong'aa na wachezaji wake, na alifanya kazi nzuri, simnyimi haki yake. Tuliruka mpaka Jirani akapoteza kiatu kimoja, na Mwalimu, yule mpole, akapanda mabegani mwa dada mmoja asiyemjua. Lakini mkiniuliza aliimba nyimbo gani, sikumbuki hata moja.

Tulipotoka getini, mkwe wangu alikuwa anatusubiri na mkewe karibu na gari. Kanga yangu bado iko mabegani mwake. Hakukohoa, hakuchutama, alisimama tu, hajui mikono aiweke wapi. Na mimi sikujua. Ni kazi ngumu kuanza kuzungumza na mtu ambaye umekaa naye ua mmoja muda wote huo.

"Mama," alisema mwishowe, "nimeimba?"

"Umeimba, baba. Umeimba sana." Nikaona macho yake yanajaa, nami yangu hayakuwa mbali, kwa hiyo nikatafuta la kutuokoa. "Ila pale kwenye ugali umenisingizia. Mara ngapi ugali wangu umeungua? Mwezi mtukufu uliungua mpaka nikaona haya kuuleta."

"Nakumbuka, mama," mkwe wangu alisema. "Niliumaliza wote, ili sahani irudi kwako tupu."